Mpasho Haujawa Mpasho Mpaka Umpate Mwenyewe

Kiporo hupashwa. Misuli hupashwa kabla ya mechi. Mtoto wa kiume hupashwa tohara. Wananchi hupashwa habari. Na jirani naye, akizidi kufunua sufuria za watu, hupashwa. Kitenzi ni kile kile. Nimesoma maandishi mengi juu ya mipasho, yale maneno ya kumsema mtu kwa mafumbo, na karibu yote huanza na taarabu, au na wanawake, au na uswahilini, kana kwamba neno lilizaliwa ukumbini na vinanda vikipigwa. Mpasho hasa ni nini? Mimi naona jawabu limelala ndani ya kitenzi chenyewe, na bado halijaamshwa.

Kupasha ni kufanya mtu au kitu kipate. Ni -pata iliyonyambuliwa, kama -pita ilivyozaa -pisha na -ruka ikazaa -rusha, ile ya rusha roho. Ukipasha wali moto, umeufanya wali upate moto. Ukimpasha mtu habari, umemfanya azipate. Kwa kawaida basi kitenzi hiki hudai vitu viwili: anayepashwa, na kile anachopashwa. Katika vinywa vya watu wa pwani kile cha pili kikadondoka. "Nimempasha!" Umempasha nini? Haulizi mtu. Kila anayesikia anaelewa kwamba aliyepashwa hakupashwa moto wala habari za kimataifa. Kapashwa lake.

Angalia pia maneno yanayotembea na hili. Kapewa vidonge vyake. Kapewa za uso. Zimemfika. Umeipata hiyo? Haya ni maneno ya posta: kuna kutuma, kuna kupokea, kuna kufika. Hakuna hata moja linalosifu ukali wa ulimi wa msemaji. Lugha yetu, inapozungumzia jibu kali, imekaza macho kwa mpokeaji. Mpasho ni kitu kinachopatwa. Kama hakikupatwa, yalikuwa maneno tu.

Hapo ndipo mpasho unapoachana na tusi. Tusi hukamilika linapotoka mdomoni. Unaweza kumtukana mtu aliyelala fofofo, au aliyeko Muscat hana habari, na bado ukawa umemtukana. Huwezi kumpasha aliyelala. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi, maana yake tusi huokotwa lolote lililo karibu: mama, mnyama, maumbile. Mpasho huchaguliwa kama kiatu, lazima umwenee mmoja na kuwapwaya au kuwabana wengine wote.

Nenda kwenye harusi yenye taarabu, iwe Tanga, Magomeni au Ng'ambo ya Unguja, kisha uache kumwangalia mwimbaji uwaangalie wanaotunza, yaani wanaopanda kumpa noti. Mwimbaji yuko jukwaani anaimba maneno aliyoandikiwa na mtunzi, pengine mwanamume ambaye usiku huo hata ukumbini hayupo. Beti zinapita, watu wanasukasuka vitini. Unafika ubeti mmoja, na mama aliyekuwa ametulia na soda yake anainuka. Hakimbii. Anachagua njia ndefu, ile ya katikati ya meza, noti imebanwa kati ya vidole viwili, mkono juu, na anapoikaribia meza fulani hatua zinapoa. Anazunguka mara moja. Mkono unaelekea kule bila kuelekea hasa. Kisha ndiyo anapanda kutunza. Hajafungua mdomo.

Sasa mwenye mpasho ni nani? Mtunzi katunga, mwimbaji kaimba, mtunzaji katunza. Wimbo huo huo ulipigwa redioni asubuhi watu wakichambua mchicha na haukumdhuru mtu. Umekuwa mpasho usiku huu, kwa sababu njia ya yule mama imepita karibu na meza ile. Anwani imeandikwa na miguu. Ndiyo maana mimi huwa nawacheka kidogo wachambuzi wanaochukua mashairi ya taarabu, wakayalaza mezani na kuyapasua neno kwa neno wakitafuta mpasho ulipo. Hawataukuta humo. Ulikuwa kwenye noti.

Na aliyepashwa ana kazi yake. Akiondoka, kajihukumu. Akinuna, wapambe watamhesabia. Anayejua mchezo hungoja kiitikio kirudi, akafungua mkoba, akatoa noti kubwa zaidi, na akatunza ubeti ule ule. Maana yake: nami nakurudishia, tena kwa wimbo wako mwenyewe. Hapo watu wa meza za jirani huacha kula.

Kanga hufanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake," ikiwa imekunjwa dukani Kariakoo, ni nguo. Ikivaliwa Jumanne, na mvaaji akapitia mlango ambao hana kawaida ya kuupitia, imeshatumwa. Akiulizwa atasema kweli tupu: nimeipenda rangi.

Mfano mkubwa kabisa wa jibu la namna hii, kwa maoni yangu, ni wa Siti binti Saad. Huyu alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watumwa, na aliuza vyungu kabla hajawa mwimbaji aliyesafirishwa hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Waliomwonea gere walimtungia wimbo. Waliuliza amekuwa mtu lini, huyu aliyeingia mjini na kaniki. Kama si sauti angekula nini? Kaniki ile ilikuwa tusi zima ndani ya neno moja, kwa kuwa ndilo vazi la watumwa na wa kazi ngumu, na kila Mzanzibari aliyesikia alijua wanasema nini.

Jibu lake linakumbukwa mpaka leo, naye alifariki 1950. Aliimba kwamba hoja si uzuri, wala sura, wala utukufu wa jadi. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Basi. Hakuikana kaniki. Hakuitetea sauti. Hakutaja jina la mtu, wala hakumwita yeyote mjinga. Lakini tazama neno alilolichukua. Wao waliuliza amekuwa *mtu* lini. Yeye akajibu juu ya hasara ya *mtu*. Amelichukua neno lao wenyewe, akaligeuza, akalirudisha mlangoni kwao na swali jipya ndani yake: je, ninyi mlioanza na utu, wa kwenu uko wapi? Na asiyekuwa na akili hakuona chochote hapo zaidi ya methali nzuri. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Aliyeng'amua ndiye aliyepatikana.

Jambo jingine linalojificha katika kisa hicho ni kwamba Siti alikuwa anajibu. Hili ni la kawaida kiasi kwamba nadhani ni sehemu ya maana ya neno. Sijapata kukutana na mtu anayekiri kuwa yeye ndiye aliyeanza kupasha. Kila mmoja alijibu tu. Muulize huyu, atakwambia yule alianza siku ya arobaini ya marehemu fulani. Muulize yule, atarudi nyuma mpaka kwenye sare za harusi. Mpasho wa kwanza haupo. Vikundi vya taarabu vya wanawake vya Unguja viliishi kwa utaratibu huu. Vilikuwapo vilivyojiita Royal Navy na Royal Air Force, majina ya kijeshi kabisa, na wimbo wa kikundi kimoja ulikuwa sababu ya wimbo wa kingine, na cha kwanza kikasema sisi tulijibu ya mwaka jana.

Dar es Salaam ya miaka ya 1990 ndiko neno lilikopanda chati. Kikundi cha Muungano Cultural Troupe upande mmoja, kile cha Tanzania One Theatre upande wa pili. Mwimbaji Nasma Khamis huku, mwenzake Khadija Kopa kule. Na mashabiki waliojaza kumbi wakijua wazi kwamba wimbo wa leo umekuja kwa ajili ya ule wa juzi. Khadija Kopa akabaki na cheo cha malkia wa mipasho. Redio binafsi nazo zilikuwa zinaanza, kwa hiyo kilichokuwa siri ya mtaa kikasikika hadi Mwanza na Mbeya, ambako watu walicheza bila kujua nani kasemwa. Napenda kudhani huo ulikuwa mwanzo wa neno kupoteza nusu ya maana yake, kwa sababu mpasho unaomfikia kila mtu haumpati mtu.

Kuna faida ya kisheria pia, ingawa nadhani mama wa noti haikumpitia kichwani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 89, inamwadhibu anayemtolea mtu mwingine lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuvunja amani. Mtu mwingine yupi? Jina halikutajwa. Mlalamikaji itambidi asimame mbele ya hakimu aeleze kwa nini aliposikia habari za mwanamke asiyelipa vikoba alijua ni yeye. Hapo kesi imeshaisha, naye kashindwa mara mbili.

Sasa tuje kwenye kijembe, maana watu huvichanganya viwili hivi kama mchele na chuya.

Kijembe, ukikivua viambishi, ni ndugu wa jembe na wa wembe. Jembe ni ji-embe, kama jino lilivyo ji-ino. Wembe ni u-embe. Shina ni moja, na wala halihusiani na embe la kula, nasema hivyo kwa sababu nimeshawahi kuulizwa. Wasukuma husema igembe wakimaanisha jembe, unaona shina likiwa na konsonanti yake bado. Kwa hiyo chuma kile kile chenye makali, kikiwa kikubwa kinalima, kikiwa chembamba kinanyoa, na kikiwa kidogo, ki-jembe, kinachanja. Jina linaeleza jeraha: si la kuua. Ni mchanjo. Unaupata bila kuhisi, kisha unapotia chumvi ndipo unajua.

Tofauti yake na mpasho, kama nilivyokuzwa kusikia, ni kwamba kijembe huhitaji mtu awepo na hakihitaji hadhira. Mnakula wote, mwenyeji anasema, "Kula tu shemeji, kwako tutakula Mungu akijalia." Hicho kijembe. Watatu mezani hawakusikia kitu. Mpasho unataka ukumbi, unataka wapambe, unataka mtu wa kuuliza kesho yake "ulimsikia?" Na vyote viwili viko mbali na masimango, ambayo ni kumkumbusha mtu ulivyomlisha. Simango halina ufundi wowote. Linahitaji tu kumbukumbu nzuri na roho mbaya. Viko mbali pia na kusuta. Anayesutwa huendewa nyumbani kwake, kwa ngoma na vigelegele, ushahidi mkononi, na jina lake hutajwa waziwazi. Ndiyo maana dhamiri humsuta mtu lakini haimpashi. Dhamiri ina ushahidi.

Kero yangu ni magazeti. Fungua ukurasa wa siasa: "Warushiana vijembe." Unasoma ndani, unakuta mmoja kamwita mwenzake mwizi, na mwenzake kajibu kwa habari za akili ya mama yake. Kijembe kiko wapi hapo? Kwanza kijembe hakirushwi, hupigwa, kama chale. Kinachorushwa ni dongo, na lugha tayari inalo neno hilo, madongo, vipande vya udongo mbichi ambavyo yeyote anaweza kuokota na kuvurumisha, bila shabaha. Waandishi wangesema wanasiasa walirushiana madongo, wangekuwa wamesema kweli. Kuyaita vijembe ni kuwavisha watu ufundi ambao hawakuwa nao. Najua nimeshachelewa, msemo umekwishakaa na hautang'oka kwa makala moja. Lakini nimesema.

Halafu spika wa kikao, au mwenyekiti yeyote wa mkutano, mambo yakichafuka husikika akionya kwamba hapa si mahali pa mipasho. Hilo nalo lina jambo ndani. Anaposema mipasho anamaanisha tabia ya kike, ya vibarazani, isiyo na hoja. Wanaume wawili wakifanya kazi ile ile kwa vina na mizani, inaitwa malumbano, na inaingia kwenye vitabu vya fasihi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu kama Zahidi Mgumi walijibizana kwa beti wakati miji yao ikiwa kwenye uhasama uliofika hadi vita vya Shela. Walikejeliana, walipigana mafumbo, kila mmoja akashika neno la mwenzake na kuligeuza. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza 1923, lilichapisha kwa miaka mashairi ya watu waliokuwa wakijibizana kutoka mikoa mbalimbali. Wanafunzi wanafundishwa hayo kama urithi, na ni urithi kweli. Ila nikimweka Muyaka upande huu na mama wa noti upande ule, naona mikono miwili inayoshika chombo kimoja. Kama kuna tofauti, basi mama wa noti amefanya kwa hatua za miguu alichohitaji Muyaka mishororo minne.

Kule Nairobi neno limepita njia yake. Mpasho kwao ni habari moto, umbea wa mastaa, nani kaachana na nani. Mtanzania anayesikia "nina mpasho" kutoka kwa Mkenya hujiandaa kwa ugomvi, kumbe mwenzake anataka kumpa udaku. Kwa mzizi Mkenya hakukosea hata kidogo. Amerudi kwenye kupasha habari, isipokuwa ameongeza chumvi. Na sisi tunalo gazeti liitwalo *Nipashe*, wao wana taarifa ya habari ya runinga yenye jina hilo hilo, na hakuna anayecheka, ingawa ukisimama mlangoni kwa watu Tandale ukatamka "nipashe!" kwa sauti, unaweza kukubaliwa ombi.

Vijana nao wameleta yao. Kumchana mtu ni kumwambia kavu, usoni. Kumtolea uvivu ni hivyo hivyo, na neno hilo lina raha yake, kwamba ukimya wa siku zote ulikuwa uvivu tu. Kuchamba sitalifafanua, anayejua maana yake ya kwanza anajua kwa nini ni kali, na anayejua anaelewa pia kwamba aliyechambwa ndiye mchafu. Haya yote ni maneno ya uso kwa uso, yana nguvu, yanachekesha. Kinachokosekana ni ile nafasi ya katikati, ile mita moja kati ya kidole cha mtunzaji na meza, ambamo aliyesemwa angeweza kujifanya hakusemwa na heshima ikabaki. Ukichanwa laivu huna pa kujificha, ni kupigana au kulia.

Mahali nafasi ile ilipohamia ni kwenye *status* ya WhatsApp. Sitanii. Ni kanga iliyoanikwa. Haina jina la mtu, inadumu saa 24, kisha inafuliwa. Maneno mengi ni yale yale ya pindo la kanga. Ila kuna jambo ambalo kanga haikuwa nalo: orodha ya walioiona. Bibi zetu walivaa, wakapita, wakarudi nyumbani na wasiwasi kama ujumbe ulisomwa. Sisi tunabonyeza tu, tunaona majina na dakika. Mpashaji wa leo ana risiti.

Nilijaribu mwaka huu. Kulikuwa na mtu, simtaji, ndiyo utaratibu, aliyekopa akanyamaza. Nikakaa jioni nzima natunga mstari mmoja juu ya wenye kumbukumbu fupi na mikono mirefu. Nikauweka. Asubuhi nilikuta ujumbe kutoka kwa watu watatu, mmoja shemeji yangu, mmoja mwenye nyumba, mmoja tuliyesoma naye na hatujaongea miaka, kila mmoja ananiuliza kwa upole kama nimemsema yeye. Shemeji alishaanza kujieleza. Nikashinda siku nzima naomba radhi kwa watu ambao sikuwa nimewakusudia.

Nikatazama orodha. Mwenyewe hakuwamo. Saa 24 zikaisha, mstari ukafutika, hakuwamo. Nikaja kuambiwa baadaye kwamba wiki ile hakuwa na bando.